Kukausha na Kuandaa Mti Mbichi wa Kuchongea Upinde: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya ndiyo maswali ninayoulizwa zaidi na watu wanaoanza kuchonga pinde. Karibu yote yanahusu kipindi kimoja, tangu mti unapoanguka hadi siku ambayo pande lake linaweza kupindwa bila wasiwasi. Katika kipindi hicho nimeharibu mti mwingi kuliko nilioharibu kwa kisu au tupa, kwa hiyo nimeandika kwa kirefu.

Tuelewane maneno kwanza. Pande ni kipande kirefu cha mti kilichopasuliwa kutoka kwenye gogo, ambacho kitachongwa kiwe upinde. Mgongo wa upinde ni upande unaotazama shabaha, na tumbo ni upande unaomtazama mpigaji. Mikono ni sehemu mbili zinazopinda, moja juu ya mshiko na nyingine chini yake. Upote ni kamba ya upinde.

Kwa nini nisichonge mti mbichi na kuanza kupiga mishale siku hiyo hiyo?

Unaweza kuchonga, na mti mbichi huchongeka kwa raha. Usichoweza ni kuupinda. Upinde unapovutwa, mgongo unanyooshwa na tumbo linabanwa. Nyuzi za mti mbichi ni laini, kwa hiyo zile za tumbo zikibanwa zinakunjamana na hazirudi zilivyokuwa. Utaona upinde ukibaki umeinama hata baada ya kutoa upote, na kila siku unainama zaidi. Mti huo ukikauka baadaye hautasahau ule mkunjo. Umepoteza nguvu ambayo hairudi kwa njia yoyote, si kwa moto wala kwa mvuke.

Upinde mbichi haukatiki ghafla, ndiyo maana watu hudhani umekubali. Ukiuona umepinda vizuri bila kelele, unadhani kazi imekwisha, kumbe umeshachoka.

Maji yanakaa wapi ndani ya mti, na nyufa zinatoka wapi?

Jibu la swali hili ukilishika vizuri, mengine mengi utajijibu mwenyewe.

Mti mbichi una maji ya aina mbili. Yapo yaliyojaa kwenye matundu ya seli, kama maji ndani ya mirija. Haya hutoka kwanza, na yakitoka mti unapungua uzito tu bila kubadilika umbo. Yapo pia yaliyonyonywa na kuta za seli zenyewe. Haya huanza kutoka unyevu unapofika karibu asilimia 30, na hapo ndipo mti huanza kusinyaa. Juu ya 30 mti haupasuki kwa sababu haujaanza kusinyaa. Hatari yote iko chini ya hapo.

Mti hausinyai sawasawa pande zote. Kwa urefu unasinyaa kidogo mno, kwa kawaida asilimia 0.1 hadi 0.2. Kutoka katikati ya gogo kwenda nje unasinyaa asilimia 3 hadi 5 hivi. Kuzunguka gogo, kufuata pete za mwaka (duara zinazoonekana kichwani mwa gogo lililokatwa), unasinyaa karibu mara mbili ya hapo. Gogo la mviringo haliwezi kusinyaa kwa kiasi hicho kwenye mzunguko wake huku katikati pakisinyaa kidogo, kwa hiyo linafunguka, na ufa unatoka nje kuelekea kwenye kiini. Ufa huo si bahati mbaya. Gogo zima lenye kiini likikauka, karibu lazima lipasuke mahali.

Sababu ya pili ni kasi. Maji hutoka kupitia kichwa cha gogo, pale lilipokatwa, kwa kasi inayozidi mara 10 ile ya ubavuni. Kichwa kinakauka na kutaka kusinyaa wakati sm 10 tu ndani yake mti bado umejaa maji. Vita hiyo inaishia kwenye nyufa za kichwani, na zinaweza kuonekana ndani ya saa chache siku ya joto na upepo.

Unyevu wa asilimia 100 unawezekanaje?

Kwa sababu hesabu yake hulinganisha uzito wa maji na uzito wa mti mkavu kabisa, si uzito wote kwa pamoja. Kipande chenye gramu 50 za mti na gramu 50 za maji kina unyevu wa asilimia 100. Miti mingine mibichi huzidi hata hapo.

Niangalie nini kwenye mti kabla sijaukata?

Angalia gome. Mistari ya gome ikipanda kwa kuzunguka kama kamba iliyosokotwa, nyuzi za ndani nazo zimesokotwa, na pande lake litajisokota zaidi likikauka. Tafuta mti ulionyooka, wenye urefu wa mita 2 bila matawi walau upande mmoja, na unene wa sm 12 au zaidi. Mwembamba wa sm 6 au 7 unaweza kutoa upinde, ila mgongo wake utakuwa wa mviringo sana na kazi itakuwa ngumu kwa anayeanza.

Mti ulioinama una jambo lake. Miti ya majani mapana iliyoinama huweka mti wa mvutano upande wa juu, na mti huo husinyaa kwa urefu kuliko kawaida. Pande lililotoka upande huo likikauka hujikunja lenyewe kuelekea mgongoni, kinyume na litakavyovutwa. Wachongaji wengine huutafuta makusudi. Kwa jamii ya misonobari mambo ni kinyume: mti ulioshindiliwa hukaa upande wa chini, na huo ni mzito, unavunjika ovyo, haufai.

Kuhusu aina, mti wowote mgumu unaopinda bila kukatika unaweza kutoa upinde mzuri ukipewa vipimo vyake. Mkole, Robinia, Ulmus, Fraxinus, Maclura na Taxus (haya ya Kilatini ni majina ya kisayansi ya miti) yote ina historia ndefu katika kazi hii. Usikae mwaka mzima ukitafuta mti bora wakati ulio mbele yako unafaa. Hakikisha tu una haki ya kuukata.

Ni wakati gani wa mwaka ni mzuri kukata?

Mti unapokua kwa nguvu na majani mapya, gome hubanduka kwa mkono kama ganda la ndizi na kuacha mgongo safi kabisa. Ni faida kubwa kwa miti myeupe, ambayo pete iliyo chini ya gome ndiyo huwa mgongo wa upinde. Hasara yake ni kwamba mgongo huo ulio wazi unaweza kupasuka siku hiyo hiyo usipoupaka kitu. Mti unapopumzika, gome hung'ang'ania na utalitoa kwa kisu, lakini linaweza kukaa mahali pake na kuulinda mgongo wakati wa kukausha. Mimi hukata wakati nina nafasi ya kufanya kazi ya siku hiyo yote. Hilo ni muhimu kuliko msimu.

Nimekata mti leo asubuhi. Nifanye nini kabla jua halijazama?

Paka vichwa. Fanya hivyo kabla ya kupumzika, kabla ya kula, ikiwezekana hapo hapo mti ulipoangukia. Gundi ya mbao inafaa, nta iliyoyeyushwa inafaa, vanishi inafaa, hata rangi nzito iliyobaki kwenye kopo. Paka mara mbili, na uteremke sm 3 au 4 kwenye ubavu, maana nyufa hupenda kuanzia kwenye ukingo. Nilipokuwa naanza nilidhani kusubiri hadi kesho si kitu. Gogo langu la kwanza zuri lilikuwa na nyufa za urefu wa kiganja nilipoamka.

Kata urefu wa ziada. Upinde wa mtu mzima mara nyingi huwa kati ya sm 165 na 180, kwa hiyo pande la mita 2 linakupa sm 10 au zaidi kila upande za kutupa kama vichwa vitapasuka.

Kisha pasua gogo, siku hiyo au kesho yake. Mti mbichi hupasuka kwa utii kuliko ukishakauka. Baada ya kupasua, weka mapande kivulini, mahali penye hewa isiyo kali, yakiwa yameinuliwa kutoka ardhini na kutenganishwa kwa vijiti ili hewa ipite pande zote.

Nipasue kwa kabari au kwa msumeno?

Kabari, kama nyuzi zimenyooka. Kabari hufuata nyuzi, na nyuzi ndizo zitakazobeba mzigo. Msumeno hufuata mkono wako. Pande lililokatwa kwa msumeno linaweza kuonekana limenyooka kabisa wakati nyuzi zake zinatokea mgongoni kwa mshazari, na hapo ndipo upinde hukatika.

Anza kichwani, weka kabari ikipita katikati ya kiini, igonge hadi ufa ufunguke, kisha weka ya pili mbele ndani ya ufa. Ya kwanza ikilegea itoe na uitangulize. Nyuzi zinazong'ang'ania katikati zikate kwa shoka, usizivute kwa nguvu. Ufa ukianza kukimbilia upande mmoja, geuza gogo na uanzie kichwa cha pili.

Gogo la sm 12 hadi 15 lipasue nusu mbili. La sm 25 linaweza kutoa mapande manne au zaidi. Vyovyote vile, kiini kisibaki kizima ndani ya pande. Ukishakikata, mti unapata nafasi ya kusinyaa bila kujirarua.

Gome nilitoe au niliache?

Inategemea mti.

Kama mti ni mweupe hadi ndani, au moyo wake hautofautiani sana na sehemu ya nje, basi pete iliyo chini kabisa ya gome ndiyo mgongo wa upinde wako. Kutoa gome kunaharakisha kukauka na kunawanyima wadudu makazi. Lakini ukilitoa, paka mgongo wote mara moja kwa vanishi au gundi iliyopunguzwa kwa maji. Tumbo liache wazi, maji yatoke huko. Baadaye mgongo huo usiuguse tena ila kwa msasa laini. Kila uzi wa juu uliokatwa ni mahali pa kuvunjikia.

Kama mti una moyo wa rangi nzito wenye nguvu na ganda jeupe dhaifu nje, kama Maclura na Robinia, hilo jeupe mara nyingi huondolewa. Ukiliondoa mti ukiwa mbichi, paka mgongo papo hapo. Miti hii hupasuka mgongoni haraka sana.

Taxus ni tofauti na yote. Mti wake mweupe wa nje huvumilia kunyooshwa na moyo wake huvumilia kubanwa, kwa hiyo vyote viwili huachwa, cheupe mgongoni na cha rangi tumboni.

"Kufuata pete moja" maana yake nini?

Kwenye miti ambayo pete zake za mwaka zina tabaka la vinyweleo na tabaka gumu, mgongo wote unapaswa kuwa pete moja tu kuanzia ncha hadi ncha. Unaondoa pete za juu kwa kisu cha kuvuta kwa mikono miwili, taratibu. Ukifika tabaka lenye vitundu utasikia kisu kikikwaruza kwa sauti ya ukavu, kama kinapita juu ya mkate uliokauka. Chini yake ndipo penye tabaka gumu linalong'aa. Simama hapo. Panapo kifundo, pete hupanda na kushuka kama kilima, nawe panda na ushuke nayo. Ukikata kilima hicho kiwe tambarare, umekata nyuzi.

Fanya kazi hii mchana kweupe, mwanga ukitoka ubavuni. Usiku chini ya taa ya juu utavuka pete bila kujua.

Itachukua muda gani kukauka?

Maseremala wana kanuni ya zamani: mwaka mmoja kwa kila sm 2.5 ya unene. Kwa pande nene lililoachwa lenyewe, kanuni hiyo haiko mbali na ukweli. Lakini pande la upinde halihitaji kubaki nene, na hapo ndipo muda unapofupika. Likichongwa mapema kufikia umbo la awali linaweza kuwa tayari ndani ya miezi miwili au mitatu, na kwa miti myepesi kukauka hata kabla ya hapo.

Ila usinishike kwa miezi. Kalenda haijui hewa yako ikoje. Mizani inajua.

Basi nitajuaje kwamba umekauka?

Kwa kuupima uzito. Sijaona njia nyingine inayoaminika namna hiyo, na haihitaji zaidi ya mizani ya jikoni na kalamu. Andika uzito na tarehe kwenye pande lenyewe. Mwanzoni litapungua kila siku, kisha kila wiki, kisha litasimama. Likikaa wiki mbili bila kupungua, limelingana na hewa iliyolizunguka.

Angalia maneno hayo: limelingana na hewa. Hayasemi limekauka vya kutosha. Mti hauwezi kukauka kuliko hewa inavyoruhusu. Katika joto la nyuzi 21 za Selsiasi, hewa yenye unyevunyevu wa asilimia 50 huufikisha mti kwenye unyevu wa asilimia 9 hivi. Hewa ya asilimia 65 huufikisha 12. Hewa ya asilimia 80 huuacha kwenye 16, hata ukisubiri miaka kumi. Upinde wa mti mtupu hufanya kazi vizuri zaidi kati ya asilimia 8 na 10. Ukiwa mahali penye unyevunyevu mwingi, kusubiri peke yake hakutakufikisha, utahitaji sanduku la joto nililolieleza hapa chini.

Ukitaka namba kamili, fanya hivi siku unayokata. Pasua pande, kisha kata kipande chembamba kutoka kwalo, angalau sm 15 ndani ya kichwa. Pima pande na upime kipande. Kipande hicho kikaushe kwenye oveni kwa nyuzi 103 hivi, ukipima kila baada ya saa kadhaa hadi kisipungue tena. Tuseme kilikuwa gramu 96 na kimebaki gramu 60. Maji yaliyotoka ni gramu 36, na 36 ukigawa kwa 60 ni asilimia 60. Kama pande lilikuwa gramu 3,200, uzito wake mkavu ni 3,200 ukigawa kwa 1.6, yaani gramu 2,000. Ukilitaka liwe na unyevu wa asilimia 9, lisubiri lifike gramu 2,180. Ukishachonga sehemu yake hesabu hii haifai tena, kwa hiyo chukua kipimo kipya kila unapopunguza mti.

Vipo vifaa vya kupima unyevu kwa sindano mbili. Vinasaidia, lakini husoma karibu na juu tu na hutofautiana kwa aina ya mti. Mshiko wenye unene wa sm 5 unaweza kusoma 10 nje huku ndani ukiwa 18.

Kugonga pande na kusikiliza mlio kunakupa fununu, maana mti mkavu hulia kwa sauti kali na mbichi hulia kwa uzito. Mimi husikiliza pia. Kisha napima.

Ninawezaje kuharakisha bila kuharibu?

Njia ninayoipendekeza kwa kila mtu ni kuchonga umbo la awali mti ukiwa bado mbichi. Chora upinde mgongoni, ondoa mti wa pembeni, punguza tumbo hadi mikono ibaki na unene wa sm 2.5 hivi na upana unaozidi kidogo ule unaoutaka mwishoni. Mshiko uache mnene. Maji ambayo yangehitaji mwaka kutoka katikati ya pande sasa yana safari fupi sana.

Usipunguze hadi mikono ianze kupinda. Mti mwembamba mbichi hujikunja kama jani.

Kisha lifunge umbo hilo kwa jiriwa au kwa kamba juu ya ubao mnene ulionyooka, ukiweka vijiti vidogo katikati ili hewa ipite chini. Kama unataka ncha zijikunje kidogo kuelekea mgongoni, huu ndio wakati wa kuziwekea kabari chini, kwani mti utakauka na kubaki hivyo. Kaza upya kila baada ya siku chache, maana mti unasinyaa na kamba zinalegea.

Sehemu inayonisumbua kila mara ni pale mshiko mnene unapoungana na mkono mwembamba. Mkono unakauka, mshiko bado, na ufa unazaliwa kwenye mpaka. Paka gundi kwenye mshiko wote na uteremke sm 5 kwenye kila mkono. Vichwa vimeshapakwa tayari. Tumbo la mikono ndilo pekee linalobaki wazi.

Wiki mbili za kwanza ziwe za upole: kivuli, hewa tulivu, chumba kisicho na joto kali. Uzito ukianza kushuka polepole ndipo uhamishie mahali pakavu zaidi.

Mwaka 1991 katika milima ya Alps ulipatikana mwili wa mtu aliyekufa zaidi ya miaka 5,000 iliyopita, na kando yake upinde wa Taxus wenye urefu wa sm 182 ambao ulikuwa haujamalizika. Alama za chombo kilichouchonga bado zinaonekana. Kila nikiweka umbo la awali juu ya ubao kulisubiri, humkumbuka yeye na upinde wake ambao hakuumaliza.

Sanduku la joto ni nini?

Ni sanduku refu la mbao au la ubao wa povu wa kuzuia joto, lenye chanzo kidogo cha joto chini na matundu juu ya kutolea hewa yenye maji. Balbu za zamani zinazotoa joto zinatosha. Balbu za LED hazitoi joto la kutosha. Kipimajoto kikae ndani, na joto libaki nyuzi 35 hadi 40. Balbu isiguse mti wala povu, na usiliache likiwaka wakati hakuna mtu nyumbani.

Usiingize mti mbichi humo. Sanduku ni la kumalizia, mti ukishafika 15 au chini ya hapo. Mti wenye maji mengi ukipashwa joto, ngozi yake ya nje inakauka na kukakamaa kabla ya ndani kusinyaa. Kisha ndani kunaposinyaa kunavutana na ganda lisilosogea, na nyufa zinafunguka katikati ambapo huzioni. Utaziona siku ya kuchonga.

Na jua kali? Oveni ya maikrowevu? Juu ya jiko?

Hapana kwa zote tatu. Jua na jiko, ni kwa sababu hiyo hiyo ya ganda kukauka kabla ya ndani. Maikrowevu huchemsha maji ndani ya mti na mvuke hupasua nyuzi.

Nyufa zimeshatokea. Nitupe?

Usitupe kwanza. Ufa wa kichwani kata, kama urefu unaruhusu. Ufa mwembamba unaokwenda sambamba na nyuzi, mgongoni au tumboni, mara nyingi hauna madhara. Ujaze gundi nyepesi, ufunge, uendelee. Nimepiga mishale kwa miaka na upinde wenye ufa mgongoni mrefu kuliko mkono wangu, kwa sababu ufa huo ulifuata nyuzi kutoka mwanzo hadi mwisho.

Ufa unaokata mshazari na kutokea ubavuni mwa mkono ni habari nyingine. Huo utafunguka upinde ukivutwa. Angalia kama upinde mfupi au mwembamba zaidi unaweza kupatikana kando yake. Usipopatikana, achana nao.

Pande limepinda na kujisokota. Linanyooka?

Mara nyingi ndiyo. Mti ambao bado una unyevu wa wastani hukubali mvuke. Kanuni ya maseremala ni saa moja ya mvuke kwa kila sm 2.5 ya unene, kisha unafungwa kwenye umbo unalotaka kabla haujapoa, na unabaki hapo siku kadhaa. Mti mkavu hukubali joto kavu, kama la makaa au kifaa cha kupuliza hewa ya moto. Upake mafuta kidogo ya kupikia usiungue juu, upashe polepole hadi upande wa pili uwe wa moto kushikika kwa shida, kisha upinde na usubiri upoe kabisa.

Msokoto mdogo usikusumbue. Muhimu ni upote upite katikati ya mshiko, na upinde uliojisokota kidogo unaweza kupiga sawasawa kabisa.

Baada ya joto au mvuke mpe mti siku chache, na kwa mvuke wiki nzima au zaidi, kabla ya kuupinda. Joto kavu hunyang'anya mti maji yote ya mahali hapo, na ukiupinda wakati huo utakatika kama kijiti cha kiberiti.

Kwa hiyo mti unaweza kukauka kupita kiasi?

Ndiyo. Chini ya asilimia 6 miti mingi inakuwa kavu mno kuvumilia kuvutwa, na mgongo unaruka vipande. Hewa kavu ya asilimia 30 huufikisha hapo. Upinde uliokaa kwenye sanduku la joto usitoke humo ukaenda moja kwa moja kwenye kuvutwa. Uache katika hewa ya kawaida ya chumba siku kadhaa, upime, uone uzito ukipanda kidogo na kusimama.

Kuna vitundu vidogo na unga chini ya pande langu.

Ni wadudu wa mbao. Wengine hutaga chini ya gome na mabuu yao hula pale pale, kwa hiyo toa gome lote na ukague. Wengine hupenda mti mweupe wenye wanga hata ukishakauka, na unga laini kama poda ndio dalili yao. Toa mti mweupe wote kama hauuhitaji, na tenga pande hilo na mengine mara moja. Joto huwaua: kiwango cha kimataifa cha mbao za kufungashia mizigo ni nyuzi 56 katikati ya mbao kwa dakika 30. Kwa pande lililokwisha kukauka unaweza kufanya hivyo, ila pande bichi litapasuka.

Vitundu vikiwa vingi mgongoni, upinde huo usiuamini.

Ukungu wa juu unaofutika hauna neno. Ila mti wenye mistari myeusi au mabaka yaliyofifia na kuwa laini umeanza kuoza, na mti uliooza hata kidogo haufai kupindwa. Ukungu na uozo hupenda mti wenye unyevu unaozidi asilimia 20, kwa hiyo usifunge pande bichi kwenye nailoni na kulisahau.

Nina pande lililokaa darini miaka 20. Bado linafaa?

Likiwa halijaliwa wala kuoza, linafaa sana. Litakuwa gumu kuchonga. Pima unyevu wake kama mengine yote, kwani dari hupata joto la hatari, na linaweza kuwa kavu kuliko unavyotaka.

Kuna hatari yoyote kwa afya?

Taxus ni sumu karibu sehemu zote, hata vumbi lake, kwa hiyo funga barakoa unapopiga msasa na usichomee mabaki yake chakula. Utomvu wa Maclura huwasha ngozi za watu wengine. Vumbi la mbao yoyote si zuri kwa mapafu. Unapogonga kabari ya chuma vaa miwani, kwa sababu kichwa cha kabari iliyochakaa hurusha vipande.

Nimemaliza kuchonga. Unyevu hautarudi?

Utarudi, ila polepole ukiuzuia. Vanishi, mafuta yanayoganda au nta hupunguza kasi ya unyevu kuingia na kutoka, lakini hakuna kinachoufunga mti kabisa. Paka tabaka kadhaa nyembamba, na usisahau ncha na mikato ya kushikia upote, maana huko ndiko nyuzi zimekatwa wazi. Msimu wa mvua pima upinde kwenye mizani yako ile ile kabla ya siku ndefu ya kupiga mishale. Uzito ukiwa umepanda kwa gramu 15 au 20, uache ndani mahali pakavu bila upote hadi urudi ulipokuwa.